Kijana na Kijiwe Chake

Jioni ya tarehe 2 Januari 2015, watu wengi wa Dar es Salaam walikimbilia majumbani kwa hofu ya vijana walioitwa Panya Road. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tusiseme hayo ni ya mjini; wana wetu hupanda basi kwenda huko huko. Kijana asiye na mkorosho wala chumba hujitwalia kijiwe, akakilinda kana kwamba ni urithi wa baba yake, na mgeni apitaye hupigwa.

Wachunga mifugo wa Abramu na wa Loti nao waligombea malisho (Mwanzo 13). Abramu, ingawa ndiye mkubwa, alimwachia mwana wa nduguye achague kwanza. Nasi wenye mikorosho, tumemkatia kijana wetu ekari ngapi?