Kuzikana Tunaweza, Kutibiana Je?

Msikilizaji, akifariki mtu Kitendaguro, hapa Bukoba, usiku huu, kesho jua halijawa kali kila jambo litakuwa limeshapangwa. Kuna wa kushika daftari, kuna wa kuni, kuna wa kutafuta ndizi na wa kufunga turubai. Asiyetoa mchango atasemwa, na msiba ukiingia kwake atakumbushwa. Vyama vyetu vya kuzikana, ambavyo vingine huitwa bujuni, havina ofisi, havina kompyuta, lakini hakuna maiti inayolala ndani eti kwa sababu daftari limepotea.

Huyo marehemu alipokuwa anaumwa, nani alishika daftari?

Hakuna. Mgonjwa huachiwa nyumba yake. Wa nyumbani wataanza kwa kuuza mbuzi, kisha simu kwa kijana aliyeko Mwanza au Dar es Salaam, na hayo yakiisha wanakwenda butura. Kila msimu viongozi wa mkoa hutuonya kuhusu butura hiyo, yaani tusiuze kahawa ingali mtini, na wana haki ya kuonya, maana anayenunua kahawa mbichi Februari hutoa bei anayotaka yeye. Lakini mimi bado sijakutana na mkulima aliyekwenda butura kwa kufurahia. Aliyemsukuma ni ada ya shule au ni mgonjwa kitandani. Ukitaka kujua bima ya afya ya mwananchi wa Kagera ni ipi, usiende ofisini. Nenda shambani ukaulize mibuni hii ni ya nani sasa.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, ulipokuja mwaka 2018, mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na kadi ikaruhusiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, ukiwa na rufaa. Gawanya mwenyewe: shilingi 5,000 kwa kichwa. Bado nyumba nyingi hazikujiunga. Wengine walisema wakifika na kadi huambiwa dawa hakuna, na hilo si la kupuuzwa. Ila lipo na la kalenda. Mwandikishaji anakuja mwezi ambao mifuko yetu imekauka, wakati fedha ya kahawa inaingia baada ya mavuno kuanza, kuanzia Mei na kuendelea. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria ni nzuri, waitu, lakini sheria haijui mwezi gani Ma wa Kamachumu ana fedha. Chama chake cha kuzikana kinajua.

Nasikia wakati mwingine watu wakisema mkoa huu uundiwe baraza la afya ya jamii, lisilo la faida, litakalohakikisha tajiri na maskini wanatibiwa sawa. Mabaraza tunayo. Tangu 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania wana chombo chao cha pamoja, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, kinachozungumza na serikali kuhusu hospitali na shule za makanisa. Kwa mtu wa Muleba jambo hilo liko mlangoni, kwa sababu Rubya, Ndolage na Kagondo, hospitali ambazo wilaya ile imezitegemea miaka nenda rudi, zote tatu ni za makanisa. Kisera, mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza hawalipi katika vituo vya serikali. Wakifika hospitali ya kanisa, msamaha huo unategemea mkataba wa huduma: hospitali itibu, serikali ilipe kupitia halmashauri. Malipo yakichelewa, atakayejua mapema ni bibi aliye dirishani anayeambiwa dawa hii kanunue nje.

Tena kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwetu sisi wananchi, na halmashauri ina bodi ya huduma za afya. Nikuulize, Ta unayenisikiliza: mjumbe wako ni nani? Mweka hazina wa chama cha kuzikana unamjua, na anakoishi, na deni lake dukani.

Mfano wa kutunzana uko humu humu mkoani. Pale Nshamba, Muleba, mwaka 2003 lilianza shirika la Kwa Wazee. Katika mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa, mwaka 1983, na miaka 20 baadaye mabibi walikuwa wamebaki na wajukuu bila wazazi. Shirika likawapa pensheni ndogo ya kila mwezi mkononi. Wakanunua chumvi, sabuni, viatu vya shule. Baadaye wazee wenyewe wakajipanga katika vikundi vya kutembeleana na kumsaidia asiyeweza kuinuka. Hiyo ndiyo afya ya jamii ninayoielewa mimi.

Na tusijidanganye kwamba sote tuko mahali pamoja. Wa Kitendaguro akizidiwa, bodaboda inamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wa Ikuza au Goziba, visiwa vya Muleba, ana ziwa mbele yake, ana mafuta ya boti ya kulipia, na upepo ukichafuka ana kusubiri. Mjamzito wa kisiwani haulizi kadi inagharimu kiasi gani. Anauliza nani ana injini. Kwa hiyo viongozi wakikaa kugawa fedha za afya, anayeishi mbali apewe zaidi, hata kama sisi wa mjini tutanung'unika.

Ombi langu ni kwa wenyeviti na waweka hazina wa vyama vya kuzikana, Bukoba na Muleba. Katika mkutano wenu ujao ongezeni ajenda moja: mchango wa bima ukusanywe pamoja na mchango wa msiba, fedha ya kahawa ikiingia, na kaya isiyoweza ilipiwe na chama. Kisha chagueni watu wawili waende kwenye kituo chenu cha afya, waulize wajumbe wa kamati ni akina nani, na mapato na dawa za mwezi uliopita zimebandikwa wapi. Wakijibiwa kwamba hazijabandikwa, wasiondoke bila kupewa tarehe ya kubandikwa.