Vitabu Vifupi vya Mafundisho ya Imani na Suala la Istilahi katika Jimbo la Homa Bay

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II tarehe 11 Oktoba 1992, ina vifungu 2,865. Muhtasari wake, ulioidhinishwa na Papa Benedikto XVI tarehe 28 Juni 2005, una maswali 598 na majibu yake, na kila swali limewekewa namba za vifungu vya kitabu kikubwa. YOUCAT ya mwaka 2011 ni ya vijana. Vitabu vya rejea vya aina hii havikuanza juzi. Katekisimu iliyotoka mwaka 1566, baada ya Mtaguso wa Trento, iliandikiwa maparoko. Hayo yanajulikana na kila katekista.

Jimbo la Homa Bay lilimegwa kutoka Kisii mwaka 1993, nalo linajumuisha kaunti za Homa Bay na Migori. Hapa kitabu kifupi kina kazi ambayo waandishi wake huenda hawakuifikiria sana. Waadventista wapo tangu mwaka 1906, walipofungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, na mkatekumeni huulizwa na jirani yake kwa nini Wakatoliki hawaishiki Jumamosi kabla hata hajamaliza kujifunza Ishara ya Msalaba. Katekista mwenye Muhtasari hufungua swali la 452 akapata jibu la mistari michache. Anayeulizwa juu ya sanamu hufungua la 446. Legio Maria nao, waliojitenga na Kanisa mwaka 1963 na ambao mlima wao mtakatifu ni Got Kwer huko Migori, wana rozari na Kilatini katika ibada. Mwanafunzi anayeona mambo hayo yote kwa jirani ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Mpaka hapo kitabu kinafaa, tena kinafaa sana.

Tatizo huanzia pale katekista anapoinua macho kutoka kwenye ukurasa. Kitabu alichoshika ni cha Kiingereza au Kiswahili, nao walioketi mbele yake, katika vigango vingi, wanafundishwa kwa Kijaluo, na upande wa Isebania kwa Kikuria. Tafsiri hufanyika papo hapo, kichwani mwa mtu mmoja. Kitabu kirefu kingemsaidia, kwa sababu maelezo yakirudiwa kwa njia tatu msikilizaji huambulia moja. Kitabu kifupi hakirudii. Ufupi wake umebebwa na istilahi, na istilahi moja ikipotoka jibu zima hupotoka nayo.

Swali la 283 linaeleza kugeuka kwa mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Katekista anayetafuta neno la “mgeuko” kwa haraka huangukia *lokruok*, neno lilelile linalohubiriwa wakati wa Kwaresima kwa maana ya kutubu. Mzee aliyeketi nyuma husikia kwamba mkate umetubu. Hali ni hiyohiyo kwa “Nafsi tatu”: ikisemwa *ji adek*, wanaotajwa ni watu watatu, na fumbo la Utatu limekwisha kuwa hesabu ya wageni mlangoni. *Chuny* ni ini, ni moyo, ni roho. Roho Mtakatifu huitwa *Chuny Maler* kwa wengine na *Roho Maler* kwa wengine, na mtoto aliyehama kijiji anaweza kudhani ni wawili.

Hakuna katekista wa kulaumiwa hapa. Wengi wao hujitolea, hutembea au hupanda bodaboda kwa fedha zao, kisha hudaiwa kazi ambayo kamati za wataalamu huifanya kwa miaka. Bila kuivunjia heshima ofisi yoyote, inafaa kusemwa kwamba hoja ya istilahi huahirishwa kwa urahisi mno. Kila fedha inapopatikana, huagizwa vitabu vingine vya aina ileile. Watoto hukariri majibu kwa ajili ya Komunio ya Kwanza, husahihishwa wakikosea neno, lakini ni nadra kuulizwa neno hilo lina maana gani nyumbani kwao.

Mapendekezo ni haya. Kwanza iandaliwe faharasa ya istilahi kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria, isiyozidi maneno mia mbili, kabla ya kununua katekisimu nyingine yoyote. Kila neno lifungwe kwenye namba ya swali la Muhtasari, ili katekista alipate bila kupekua. Maneno yenye hatari, kama *lokruok*, yapewe sentensi moja ya onyo. Kamati iwe na makatekista wa vigango wengi kuliko mapadre, kwa kuwa wao ndio husikia maswali; iwe pia na akina mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ambao hufundisha sala nyumbani bila kitabu chochote. Mitihani ya Komunio na Kipaimara iache kupima kukariri peke yake: mtoto aseme jibu la kitabu, kisha aliseme kwa lugha ya nyumbani. Walimu wa dini shuleni, ambao mtaala wao ni wa Wakristo wote kwa pamoja, wapewe faharasa hiyohiyo kwa vipindi vya Wakatoliki. Vitabu vikinunuliwa, viwe na fahirisi. Kitabu cha rejea kisicho na fahirisi ni ghala lisilo na mlango. Na irudiwe tena: faharasa kwanza, vitabu baadaye.

Hofu kwamba jimbo likiandaa faharasa yake litavuka mamlaka haina msingi. Hati ya mwaka 1992 iliyotangaza Katekisimu yenyewe inahimiza katekisimu za mahali, na kanuni ya 775 ya Sheria za Kanisa inampa askofu wa jimbo uwezo wa kuandaa katekisimu na vyombo vya kufundishia. Kanuni ya 827 inataka maandishi ya katekesi na tafsiri zake yapate idhini ya askofu wa mahali kabla ya kuchapishwa. Njia ya faharasa ni fupi: orodha ijaribiwe katika parokia moja ya Homa Bay na moja ya Migori kwa kipindi cha Kwaresima, makatekista waandike penseli pembeni mwa kila neno lililokataa, na nakala hiyo iliyochafuka ndiyo ifikishwe mezani kwa askofu.