Chora Kwanza, Nunua Baadaye

Mazungumzo na wakazi wa Mbozi Mission, Mkoa wa Songwe



Bustani yangu ya kwanza niliianzia dukani. Nilinunua pakiti tano za mbegu, kisha nikarudi nyumbani kutafuta mahali pa kuzipanda. Tatu kati yake zilipitwa na muda wa matumizi zikiwa bado zimefungwa. Kosa halikuwa la mwenye duka. Nilinunua kabla ya kujua ninachohitaji.

Kwa hiyo, leo nawaomba tuanze na karatasi na penseli. Chora nyumba, choo, bomba au kisima, miti na mibuni. Onyesha kwa mishale mteremko na upande upepo utokako. Mchoro huo utakujibu maswali matatu.

La kwanza ni mahali. Mvua zetu zikikoma, mboga hutegemea mkono wa mwenye kumwagilia. Basi bustani iwe karibu na maji, wala isiwe karibu na choo au chini yake kwenye mteremko. Iepushe pia na mibuni. Dawa inayopigwa kuzuia chule buni na kutu ya majani hupeperushwa na upepo, nao haubagui kati ya jani la mbuni na jani la mchicha litakalopikwa jioni.

La pili ni jua. Vitabu vya bustani vya Ulaya huelekeza mimea mirefu ikae upande wa kaskazini. Sisi tuko kusini mwa Ikweta: kati ya Juni na Agosti jua la adhuhuri hutupiga kutoka kaskazini, na kivuli huangukia kusini. Hivyo migomba na mipasheni ikae kusini mwa mboga fupi.

La tatu ni kiasi. Tuta lenye upana wa mita 1 hufikiwa katikati kwa mkono bila kukanyagwa. Njia ya sentimita 50 yatosha. Penye mteremko, matuta yaukinge. Tuta la mita 1 kwa 5, lenye mistari miwili ya sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 50, huchukua miche 20. Gramu moja ya mbegu hiyo ina mbegu zaidi ya 200. Majirani wanne wakichangia pakiti moja na kitalu kimoja, hakuna atakayepungukiwa. Aidha, nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni jamii moja. Usivifuatanishe katika tuta lile lile, maana hurithishana magonjwa.

Sasa nenda dukani, orodha ikiwa mkononi. Nunua mbegu iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, na usome tarehe yake. Mbegu ya kupimiwa kwa kijiko isipoota, huna wa kumwuliza. Kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA na lebo yake ilitaje zao lako. Soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uzihesabu kweli, kwa kuwa walaji wa kwanza ni watoto wako. Dai risiti, uitunze pamoja na pakiti tupu. Ndizo ushahidi wako.

Karatasi ya mchoro haigharimu kitu. Pakiti isiyohitajika hugharimu, na mboga yenye sumu hugharimu zaidi.