Kampuni ya Marekani kwa Muuzaji wa Mtandaoni: Nani Anaihitaji?



Kila anayeuza vikapu, vinyago, kahawa au kazi za kidijitali kwa wateja wa nje ameshaulizwa, au amejiuliza mwenyewe: nisajili kampuni Marekani? Wanaolijibu swali hili kwa sauti kubwa ni wale wanaouza huduma ya kusajili, na kwao jibu ni ndiyo kila mara. Mimi nasimama upande mwingine. Wengi wetu hatuihitaji kampuni hiyo, na anayeihitaji anaihitaji kwa sababu moja tu: kupokea malipo ya kadi kwenye duka lake mwenyewe la mtandaoni.

Kusajili kwenyewe hakuna ugumu. Mwenye kampuni si lazima awe raia wa Marekani wala mkazi wa huko. Wageni wengi huchagua LLC, aina ya kampuni ambayo madeni yake kwa kawaida hayagusi mali binafsi ya mmiliki; jimbo la kwanza kuitungia sheria ni Wyoming, mwaka 1977. Wyoming hutoza dola 100 za usajili, kisha angalau dola 60 kila mwaka. Delaware hudai dola 300 kila mwaka ifikapo tarehe 1 Juni, uwe umeuza au hukuuza. Juu ya hapo kuna ada ya wakala wa ndani ya jimbo wa kupokea barua za kisheria. Namba ya mlipakodi, EIN, hutolewa bure na mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS: asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya huko hujaza fomu SS-4 na kuituma kwa faksi. Msikubali kutozwa mamia ya dola kwa namba hiyo.

Kabla ya kutoa hata senti, jiulize pesa yako inakwama wapi. Kama unauza kupitia jukwaa linalopokea wauzaji wa nchi yako na kukulipa kupitia Payoneer au benki, haikwami. Mkenya anayelipwa kwa PayPal amekuwa akiweza kuzivuta fedha hadi M-Pesa tangu 2018. Kampuni haitamwongezea mteja hata mmoja. Wala haifungui kila mlango uliofungwa. Yapo majukwaa yanayotazama wewe mwenyewe unaishi wapi na akaunti yako ya benki iko nchi gani, na cheti cha Wyoming hakibadilishi majibu hayo. Anayejaza anwani ya binamu yake wa Texas na kudai anaishi huko anaweka duka lake rehani: siku ya kuhakiki kitambulisho akaunti hufungwa, na pesa iliyokuwemo huzuiliwa.

Mwenye shida ya kweli ni huyu mwingine. Mchukueni msanifu wa Dar es Salaam anayeuza michoro ya vitambaa kwa wateja wanaolipa kila mwezi kwa kadi, kwenye tovuti yake. Anataka Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya maduka ya mtandaoni, na Stripe haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Tanzania. Stripe yenyewe ilianzisha mwaka 2016 huduma iitwayo Atlas, inayowasajilia wageni kampuni Delaware ili waweze kuitumia. Kwa msanifu huyu, LLC ni ufunguo wa mlango anaouona kwa macho. Hata yeye namshauri aanzie benki. Aulize kwa maandishi kama watamfungulia akaunti mmiliki anayeishi Tanzania, maana benki nyingi zinataka ufike mwenyewe, na zile za mtandaoni zina orodha za nchi zisizozihudumia. Kampuni isiyo na akaunti ya benki ni gharama tupu.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu wauzaji wa huduma za usajili hulitaja kwa maandishi madogo au hawalitaji kabisa. LLC yenye mmiliki mmoja mgeni inatakiwa kila mwaka kuwasilisha fomu 5472, ikiambatanishwa na ukurasa wa fomu 1120. Sharti hili lilianza na mwaka wa kodi 2017. Si fomu ya kulipia kodi. Ni ya kueleza miamala kati ya kampuni na mwenye nayo, na tarehe yake ya kawaida ni 15 Aprili. Nisikilizeni vizuri hapa: pesa uliyotoa mfukoni kuisajili kampuni ni muamala wa kuripotiwa. Pesa uliyoingiza kwenye akaunti ili ifunguke ni muamala, na uliyojitolea kwa matumizi ya nyumbani nayo ni muamala. Kwa hiyo anayesema “sikuuza kitu mwaka ule, sina cha kuripoti” amekosea, na faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000. Ilikuwa 10,000 hadi sheria ya kodi ya 2017 ilipoipandisha. Kwa wengi waliomo ukumbini, hiyo ni zaidi ya mauzo ya miaka kadhaa.

Tupige hesabu. Tuseme muuzaji wa vikapu vya Iringa, vile vya milulu, anauza vikapu 15 kwa mwezi, na kila kimoja kinamwachia dola 8 baada ya kuwalipa akina mama wasukaji, usafirishaji na makato ya jukwaa. Kwa mwaka ni dola 1,440. Tuseme wakala anachukua 100, jimbo 60, na mhasibu wa fomu ya Aprili 400. Zimeondoka dola 560, zaidi ya theluthi ya faida, na hajanunua hata mzigo mmoja wa milulu.

Wapo wanaoamini kwamba kampuni hii inawaondolea kodi. Ni kweli kwamba anayefanya kazi zake zote akiwa nyumbani, bila ofisi wala wafanyakazi Marekani, mara nyingi hadaiwi kodi ya mapato na serikali ya shirikisho. Lakini hilo linatokana na mahali anapofanyia kazi, na lingekuwa vilevile bila kampuni. Anayehifadhi bidhaa kwenye ghala la huko yuko katika hali nyingine. Afrika Kusini na Misri zina mikataba ya kodi na Marekani inayowakinga wafanyabiashara wao wasihesabiwe kuwa na makao ya biashara kwa sababu tu ya kuweka mali ghalani. Tanzania haina mkataba huo, Kenya haina, Uganda haina. Mwenye mzigo ghalani amwone mshauri wa kodi kabla mzigo haujasafiri. Na anayeshawishiwa kufungua kampuni ya hisa badala ya LLC ajue kwamba faida yake hukatwa asilimia 21, na gawio likitoka kuja kwake hukatwa asilimia 30 nyingine.

Forodha nayo haijali cheti chako. Tangu 29 Agosti 2025, vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 havipiti tena bila ushuru, viwe vimetumwa na kampuni au na mtu binafsi. Mgeni anaweza hata kuwa mwagizaji rasmi wa mzigo kwa jina lake, akiweka dhamana ya forodha na wakala aliyeko huko.

Nyumbani ndiko tunakosahau. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi ya mapato yake ya dunia nzima, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaihesabu kampuni kuwa mkazi ikiwa inasimamiwa na kuendeshwa kutoka hapa. Unayeiendesha LLC kwa simu ukiwa Kariakoo unaiendesha kutoka hapa. Mamlaka ya kodi ya hapa, TRA, ina haki ya kukuuliza, na anayejua kwamba alipaswa kutoa taarifa hapati usingizi. Jina la biashara lililosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), risiti na daftari la mauzo linaloeleweka vitakufaa mbele ya benki ya hapa na mbele ya mteja wa jumla wa kule. Namwomba kila mmoja avikamilishe hivyo kwanza.

Mwisho, wale ambao tayari wamefungua kampuni na haifanyi kazi. Msiitelekeze mkidhani itakufa yenyewe. Jimbo huendelea kudai ada zake na IRS bado ina namba yenu. Tafuteni mhasibu anayeijua fomu 5472, wasilisheni ya kila mwaka uliopita, mkiambatanisha maelezo ya kwa nini zilichelewa. Kisha ifungeni rasmi kwa jimbo, mwasilishe fomu ya mwaka wa kufunga, na muiandikie IRS barua ya kufunga akaunti ya EIN. Aliye katika hali hii tuonane baada ya kikao, aje na cheti cha usajili na barua ya EIN, tuanze kupanga miaka yake.