DAWA YA MALARIA NA AMANA YA SIKU TATU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Ruhwa)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, napenda kusema machache juu ya ugonjwa ambao hapana nyumba katika bonde hili la Bugarama isiyoujua, nao ni malaria. Na juu ya yale ambayo matabibu na wataalamu wa kemia wameyavumbua katika dawa yake.

Asili ya dawa hiyo ni mmea. Mwaka 1971 bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alizingatia kitabu cha tiba cha kale cha Ge Hong, kilichoelekeza mmea huo ulowekwe majini na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu nguvu yake; akaitoa dawa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, ikafaulu. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Ndani ya artemisinini zimo atomi mbili za oksijeni zilizoungana mfano wa daraja. Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu, na madini ya chuma yaliyomo humo hulivunja daraja lile. Hapo dawa huwa kali, ikamwangamiza mla damu kwa chakula chake mwenyewe.

Lakini adui naye hubadilika. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika damu ya wagonjwa iliyokusanywa Rwanda kati ya 2012 na 2015 walikuta vijidudu vyenye badiliko liitwalo R561H. Kisha uchunguzi wa mwaka 2018, uliotangazwa 2021, ulifanywa kwa watoto wa Masaka, Rukara na hapa kwetu Bugarama. Huko Masaka na Rukara, zaidi ya mtoto 1 katika kila 10 alikuwa angali na vijidudu siku ya tatu ya dawa. Hata hivyo, katika kila kituo zaidi ya 90 katika kila 100 walipona. Silaha ingali yakata, tuilinde.

Vidonge tunavyopewa vina dawa mbili: artemetha hupiga upesi na kutoka mwilini upesi, lumefantrini hubaki kumaliza kazi. Ndiyo sababu huliwa mara 6 kwa siku 3: ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Aachaye siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, akamwekea jirani vidonge vilivyosalia, huwaacha hai wale walio wagumu kufa. Na mbu hubeba shari hiyo hadi ng'ambo ya mto Ruhwa bila kuulizwa cheti. Wala chai ya majani ya mmea ule haitoshi, kwani kipimo chake hakijulikani, na Shirika la Afya Duniani haliikubali.

Na mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya sheria: ale, anywe dawa kwa wakati wake, alipe siku zake akipona. Mwili ni amana, na afya ya jirani ni haki yake juu yetu.

Wabillahi tawfiq.