Handaki la Maji



Ukipita mashambani katika sehemu za Essex na Suffolk, mashariki mwa Uingereza, waweza kukuta handaki la pembe nne lenye maji, na katikati yake kiwanja kitupu. Nyumba hakuna, ni majani tu. Zamani palikuwa na makao ya bwana mwenye shamba.

Mahandaki ya namna hiyo yako maelfu katika nchi ile, na mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Udongo wa mfinyanzi ulishika maji vizuri. Samaki walifugwa humo, na mwizi alipata taabu kuvuka. Lakini wachunguzi wa mambo ya kale wanatuambia kwamba mengi yasingeweza kuzuia jeshi. Ngome za wafalme na wakuu zilizungukwa na maji, basi mwenye shamba naye alichimba lake, ili wapitao waseme, “Hapa anakaa mtu mkubwa.”

Mwaka 1348 tauni ikaingia Uingereza. Iliua yapata theluthi moja ya watu, pengine hata nusu. Haikutafuta daraja. Ilimchukua mkulima, ikamchukua na bwana wake.

Ndugu yangu, sisemi uache lango wazi usiku, wezi wapo. Nauliza juu ya handaki lingine. Ndugu yako ametoka nyumbani kwa basi, viatu vina vumbi. Mlinzi anamwambia, “Mwenye nyumba hayupo,” nawe uko ndani, unachungulia dirishani. Handaki hilo ulilichimba lini? Je, ni siku ulipopandishwa cheo?

Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Isome leo katika Luka sura ya 12. Kisha soma Waefeso sura ya 2, uone jinsi Kristo alivyobomoa kiambaza kilichowatenga watu. Yeye hakukaa ng'ambo akitutazama. Alivuka, akatujia tulipokuwa.

Kama ndugu yako hajafika mbali, mtume mtoto akamwite. Kama amekwisha kurudi, mwandikie barua leo.

Tuombe. Ee Bwana, tuonyeshe handaki tulilolichimba, utupe na moyo wa kuweka daraja, kabla siku zetu hazijaisha. Amina.