Ufilisi na Mafunzo ya Mwaka wa Korona
Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Sikukuu ya Miaka Kumi



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani na bei za pamba. Mimi nimechagua jambo ambalo watu hawapendi kulitaja penye furaha, nalo ni kufilisika. Nalitaja leo kwa kuwa ndani ya miaka hii kumi tumeupita mwaka 2020, mwaka wa maradhi ya Korona, uliozijaribu biashara za dunia nzima. Yaliyotendeka mwaka ule yana mafunzo makubwa kwa kila chama chenye kudai na kudaiwa.

Kwanza yafaa tuelewe sheria ya ufilisi ni kitu gani. Wengi hudhani kuwa kazi yake ni moja tu, kunadi mali ya mtu aliyeshindwa kulipa. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Tuseme yupo mkulima wa Kishapu anayedaiwa na majirani watano, naye ana maksai wawili tu wa kulimia. Mdai wa kwanza akija Novemba, mvua zinapoanza, akawaswaga maksai wale, yeye atakuwa amelipwa. Lakini wenzake wanne hawatapata kitu, maana shamba halitalimwa. Wote watano wakiketi pamoja na kukubali kungoja pamba ivunwe, huenda kila mmoja akapata haki yake. Sheria ya ufilisi yataka mambo mawili: asiwepo mdai wa kunyakua peke yake, na ipatikane hukumu ya haki kama shamba hilo bado litazaa au limekwisha, ili kilichobaki kigawanywe.

Katika nchi yetu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina milango yote miwili. Mahakama Kuu yaweza kuamuru kampuni ifungwe, na mfilisi akusanye mali, aiuze na kuwagawia wadai. Tena yaweza kumteua msimamizi wa kuiongoza kampuni kwa muda, na katika muda huo wadai hawana ruhusa ya kukamata rehani zao ovyo. Vyama vya ushirika vina sheria yao, Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, ambayo yampa Mrajis uwezo wa kufuta chama na kuteua mfilisi wake.

Sasa tuutazame mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Katika ukanda wetu huu pigo lile halikumfikia kila mtu kwa nguvu moja. Kule Geita bei ya dhahabu ilipanda, na mwezi wa Agosti ikapita dola 2,000 kwa aunsi moja, kwa sababu wenye fedha duniani walikuwa wakitafuta mahali pa kuzificha. Lakini Mwadui, almasi zilikosa soko. Mwezi wa Aprili uchimbaji ukasimamishwa, mitambo ikawa inatunzwa tu, wala kazi haikurudi mpaka mwaka 2021. Pamba nayo ilianguka. Katika soko la dunia nyuzi ziliuzwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwezi ule wa Aprili. Bei elekezi ya mkulima, iliyokuwa shilingi 1,200 kwa kilo mwaka 2019, ilikuwa shilingi 810 mwaka 2020. Hapa pana jambo la kutia moyoni: mtu aweza kushindwa kulipa bila ya kuwa mvivu wala mwizi.

Mataifa mengi yalilitambua jambo hilo. Mwezi wa Juni 2020 Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia wadai, kwa muda, wasiombe kufungwa kwa kampuni ambayo Korona ndiyo iliyoizuia kulipa. India iliagiza kwamba deni lililoshindwa kulipwa tangu tarehe 25 Machi 2020, kwa muda wa mwaka mmoja, lisitumiwe kuipeleka kampuni kwenye ufilisi. Australia iliongeza kiasi cha deni kinachomwezesha mdai kuanza madai hayo, kutoka dola 2,000 hadi dola 20,000 za kwao, na mdaiwa akapewa miezi sita ya kujibu badala ya siku 21. Sisi Tanzania hatukutunga sheria ya namna hiyo. Msaada ulipitia Benki Kuu: tarehe 12 Mei 2020 ilipunguza riba inayozitoza benki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikaziruhusu benki kuwapangia upya ulipaji wakopaji walioathirika, kila mmoja kwa hali yake. Maana yake ni kwamba aliyekwenda benki na hesabu safi mkononi alikuwa na la kusema.

Lakini, Ndugu Wanachama, muda una bei yake. Mgodi wa Mwadui wakati ule ulimilikiwa kwa asilimia 75 na kampuni ya Petra Diamonds, na asilimia 25 na Serikali. Petra yenyewe ilikuwa na hati za deni za dola milioni 650, zilizotakiwa kulipwa mwaka 2022. Ilipatana na wadai wake, Mahakama ya Uingereza ikathibitisha mapatano hayo Januari 2021, na mwezi wa Machi wadai wakapewa asilimia 91 ya hisa za kampuni. Wenye hisa wa zamani wakabaki na asilimia 9. Kampuni iliokoka, lakini ilibadili wenyewe.

Tena muda hauponyi biashara iliyokwisha kufa. Uingereza ilipoondoa kinga zile, waliokuwa wamesimama kwa mkongojo walianguka. Mwaka 2023 makampuni zaidi ya 25,000 yalifilisika katika England na Wales, idadi kubwa kuliko zote tangu mwaka 1993.

Sisi tuko wapi katika habari hizi? Kampuni ya kuchambua pamba ikifilisika, benki yenye rehani hujilipa katika rehani yake. Gharama za ufilisi, mishahara ya wafanyakazi na kodi za Serikali nazo hutangulia. Nyuma yao ndipo wanaposimama wadai wasio na rehani, na chama cha msingi kilichotoa pamba kwa ahadi ya maneno kimo katika kundi hilo. Mara nyingi chungu huwa kimekwisha kukombwa kabla ya zamu yao. Msimu wa 2019 wakulima wengi wa kanda yetu walingoja sana fedha za pamba waliyokwisha kuitoa. Hawahitaji kuelezwa uchungu wake.

Na chama chetu kikilemewa, hatuwezi kufanya kama Petra. Hatuwezi kumpa mwenye fedha kura kwa kadiri ya fedha zake, kwa maana katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Kwa hiyo kinga yetu yatupasa tuijenge wenyewe, kabla ya shida.

Naomba basi tushike mambo matatu. Pamba isitoke ghalani ila kwa fedha taslimu au kwa dhamana ya benki iliyoandikwa. Hesabu zifungwe kila mwezi na zibandikwe pale ambapo kila mwanachama ataziona. Na siku viongozi watakapoona kuwa deni halitalipika kwa wakati wake, wawaite wadai wote kwa pamoja na kumpa Mrajis habari mapema, wala wasimlipe mmoja kwa siri na kuwaficha wengine.

Mchana huu mtapiga kura juu ya shauri la kuweka sehemu ya ziada ya mwaka huu katika akiba ya chama. Najua wengi wangependa igawanywe yote, kwa kuwa ada za shule ziko mlangoni, na hayo ni matumizi ya haki. Nasema tu kwamba mwaka 2020 haukupiga hodi, na mwingine kama ule hautapiga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ushirika wetu na udumu.